Mshipa wa Shingoni mwa Mama Yako

Elinipa mwanangu,

Usianze kusahihisha. Nakujua. Ukiona tu karatasi yenye maandishi, mkono wako unatafuta kalamu nyekundu. Hii ni barua ya baba yako, aliyeingia darasa la saba mlangoni akatokea dirishani, kwa hiyo herufi zikipandana ziache zipandane, ni watu wazima.

Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni. Umeteremka Kimandolu kumuaga shangazi yako, na mimi nimefunga bucha mapema, nimegeuza gogo la kukatia nyama kuwa meza. Nimelikwangua na kulimwagia maji ya moto, usiogope. Ukiona doa mahali, si chozi, ni mafuta ya kidari. Chozi likifika nitakuambia.

Kesho alfajiri unapanda basi la Dar, na keshokutwa la Mtwara. Serikali imetandika ramani nzima mezani ikatafuta mahali palipo mbali kuliko pote na pua ya baba yako, ikasema huko huko ndiko kwenye upungufu wa walimu. Sawa. Sitakuambia ufunge chandarua. Mchungaji amekuambia, wanakwaya wamekuambia, hata yule muuza mkaa amekusimamisha njiani akakuonya kuhusu wanaume wa huko, wakati yeye mwenyewe ndiye wa kuonywa. Umejazwa maagizo kuliko begi lako. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka minane mpaka limepata joto la makalio yangu.

Jumanne ulikuja bucha ukaomba moyo wa ng'ombe. Nikakuuliza, wa kukaanga? Ukasema, "Wa kufundishia, baba. Nataka nijaribu kwanza hapa kabla sijasimama mbele ya watoto wa watu." Nikakuangulia ule mkubwa kutoka kwenye ndoano, nikavuta stuli, nikakaa kama mwanafunzi. Mama Upendo jirani, aliyekuja kununua maini, naye akaweka kikapu chini akaamua kusoma.

"Moyo una vyumba vingapi?" ukauliza, kwa ile sauti ya ualimu.

"Vinne," nikajibu. "Viwili vya kulala na viwili vya kupangisha."

"Mtoe nje huyo, mwalimu," Mama Upendo akasema. "Ndiye anayeharibu darasa."

Ulipasua vizuri. Kisu ulikishika kama mtu aliyezaliwa buchani, ambavyo ndivyo ilivyo. Ukatuonyesha vyumba viwili vya juu, kuta zake nyembamba, kazi yake kupokea damu. Ukatuonyesha viwili vya chini, kuta nene, kazi yake kuisukuma. Ukasema cha kulia kinaisukuma hapo jirani tu, kwenye mapafu, ikachukue hewa. Cha kushoto kinaisukuma mwili mzima, mpaka kwenye ukucha wa kidole kidogo cha mguu, ndiyo maana ukuta wake ni mnene namna ile. Elinipa, miaka thelathini nimekuwa nikiwakatia ule upande mnene wateja ninaowapenda, na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni mnene. Nilidhani Mungu aliweka nyama pale kwa ajili ya mishikaki.

Halafu ukaingiza vidole kwenye mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto. Ukanyanyua zile nyuzi nyeupe zinazoushikilia, ukasema bila nyuzi hizi mlango ungepinduka kama mwavuli kwenye upepo. Ukasema ule mlio tunaousikia kifuani ni milango inafungwa. Mama Upendo akaweka mkono kwenye kitenge chake, akasikiliza, akasema, "Eee. Kweli kuna mtu anafunga."

Basi mimi na mdomo wangu nikauliza, "Na huzuni je, mwalimu? Inakaa chumba gani?"

"Haikai humu, baba. Huu ni msuli."

Ungeishia hapo, ningelala vizuri. Lakini Mama Upendo alipoondoka na maini yake, ukawa unanawa mikono kwenye ndoo, umenipa mgongo, ukasema taratibu kama mtu anayehesabu nguo za kufua: "Lakini wa mama mimi ndiye niliyeusimamisha."

Nikachukua kisu nikajifanya nakinoa. Ulinisikia. Nilikinoa mpaka ukaondoka, na kilikuwa kikali tangu asubuhi.

Sasa nakujibu. Hukuusimamisha wewe. Nilijua hivyo kabla mama yako hajazikwa. Niliambiwa na daktari, kwa Kiswahili, akanichorea na picha. Nilijua, nikanyamaza, nikakuacha ubebe.

Nipe nafasi nieleze, maana ukitaka kunitupa ni haki yako, ila unitupe kwa kosa lenyewe.

Unanijua mnadani Kisongo. Wenzangu wananunua ng'ombe kwa macho ya tamaa, wanatazama mapaja. Mimi natazama shingo. Yuko ng'ombe anayekula waya. Anaufuata kwenye majani makavu, kwenye marobota, anaumeza bila kujua, na waya unakwenda kukaa kwenye lile tumbo dogo lenye matundu kama sega la nyuki. Tumbo hilo liko ukuta kwa ukuta na moyo. Kila akicheua, waya unasogea. Siku moja unatoboa, unaingia kwenye ule mfuko mwembamba unaouvaa moyo, na mfuko unaanza kujaa maji machafu. Moyo unapiga ndani ya maji kama mtu anayejaribu kukimbia mtoni. Ng'ombe bado anatembea, bado anakula, mwenye mali anamsifu. Lakini tazama shingo: mshipa mkubwa umesimama, umejaa kama mpira wa kumwagilia uliokanyagwa, na kidari kinaning'inia, ukikibonyeza kidole kinaacha shimo. Damu inataka kurudi moyoni na haina pa kuingilia. Mara nyingi nimewaambia watu, "Huyu amemeza waya," wakanicheka, na baada ya wiki mbili wakanifuata wamenywea. Mchungaji wetu huhubiri kwamba Bwana anakaa moyoni. Mimi nimefungua mingi kuliko yeye, sijamkuta, ila misumari nimeikuta.

Nilikuwa nikijisifia haya mbele yako ukiwa mdogo, ukikaa kwenye kaunta unachezea mizani. Sifa zile zile ndizo zinazonichoma leo.

Mwaka ule wa mwisho wako wa sekondari, mama yako alianza kusimama njiani. Akitoka kisimani anasimama kwenye mgomba wa kwanza, anajifanya anatazama mkungu. Nikamwambia, "Mama Elinipa, hiyo ndizi umeikagua mara tatu, unataka kuichumbia?" Akacheka, na mwisho wa kicheko akakohoa. Baadaye akaongeza mto. Kutoka mmoja ikawa miwili, kutoka miwili ikawa analala ameketi, ameegemea ukuta. Nikamwambia anajifanya malkia. Viatu vikamkataa, miguu imeumuka kama maandazi. Nikamwambia amenenepa, nikamtania kwamba nalisha vizuri. Kila alichoniletea nilikitolea utani. Unajua nilivyo. Wewe ndiye uliyewahi kuniambia, "Baba, ukitania sana najua umeogopa." Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nikakutuma chumvi.

Ilikuwa Novemba, wewe uko kwenye mitihani. Alikuwa amekaa pale barazani, jua la asubuhi linampiga ubavuni, ameinamisha kichwa upande anachana nywele. Nikauona mshipa. Umesimama shingoni, umejaa, unachezacheza chini ya ngozi kama kitu kilichofungiwa. Elinipa, macho haya yanayokataa ng'ombe kwa hatua kumi yalikuwa kwa hatua mbili. Mwili wangu wote ulijua.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Wewe nikikukuta mnadani, sikununui."

Akageuka, kitana mkononi. "Umeshachelewa. Ng'ombe zako baba yangu alishakula."

Tukacheka wote wawili. Kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi kirefu, akashika nguzo ya baraza. Kilipokwisha akaniuliza, na hapa hakuwa anacheka, "Kwa nini usingeninunua?"

Nikasema, "Una maneno mengi."

Hilo ndilo lile chozi nililosema nitakuambia. Limeangukia kwenye neno "maneno", kama unaona wino umetambaa. Ngoja nigeuze karatasi.

Wiki ya kwanza ya Desemba aliniomba nimpeleke hospitali mjini. "Baba Elinipa, ngazi za kanisa zimenishinda. Jumapili nimebaki chini na wagonjwa." Na mimi nikamwambia mambo ya mchinja nyama: sikukuu hii hapa, watoto wa watu wanarudi kutoka kila pembe, kila nyumba inataka mbuzi, nikiondoka wiki hii nitaambiwa nini? Ngoja ipite. Akangoja. Alikuwa na uvumilivu ambao siku hizi nikiuona kwa mwanamke mwingine napata hasira. Mkesha wa Krismasi nilichinja mbuzi kumi na wanne na nilikuwa na raha kama mfalme.

Halafu ndipo yakaja ya kwako. Ulisema unakwenda kambi ya kwaya Tengeru, siku moja tu, ukaomba viatu vyake vya kanisani kwa sababu vyako vimeachia soli. Vyake vilikuwa haviingii tena miguuni, akakupa. Kumbe kwaya yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja, yule kijana wa pikipiki mwenye shingo kama ya mbuni, na kambi ilikuwa Kisongo. Mama yako hakuambiwa na mtu. Aliviona viatu jioni ile. Udongo wa kwetu huku juu ni mweusi, unang'ang'ania. Ule uliokuwa kwenye visigino ulikuwa wa kijivu, kama majivu ya jikoni. Tengeru hakuna udongo wa namna ile. Alikufokea, kweli. Ukamjibu vibaya, kweli, ukamwambia anakuonea wivu kwa sababu yeye ni wa kukaa tu. Siku nne baadaye tukampeleka hospitali amelazwa kwenye gari ya kukodi, na siku ya tano asubuhi akafariki.

Wewe unaijua hadithi hiyo kwa mpangilio huo: viatu, ugomvi, kifo. Ukiisimulia hivyo, hata mimi nakuhukumu. Lakini haianzi kwenye viatu.

Kule hospitali daktari aliniita pembeni. Kijana mdogo, miwani inamteleza. Akauliza, "Mzee, mama alipokuwa mtoto aliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?" Nikashangaa amejuaje. Mama yako alishatusimulia mara nyingi, na wewe ulikuwepo: alipokuwa na miaka tisa, alilala miezi mitatu, magoti yamevimba kama vibuyu, bibi yako anamkanda kwa mafuta ya mbuzi na kumbeba mgongoni mpaka chooni. Tulikuwa tukiicheka hadithi ile.

Yule daktari akachukua boksi tupu la glovu, akachora nyuma yake. Vyumba vinne, kama ulivyochora wewe Jumanne kwa chaki kwenye ubao wa bei. Akasema ugonjwa ule ukitoka kwenye koo na kupita kwenye magoti, kwa watu wengine unaacha kovu kwenye mlango wa moyo. Mlango ule ule, Elinipa, wa kushoto, kati ya juu na chini. Kovu linakua pole pole. Mlango unakuwa mnene, unakakamaa, kingo zinagandana, na pale ambapo vidole vyako viwili vilipita Jumanne bila shida, kwake palibaki tundu la kifungo.

Sikuelewa mara moja. Akaniuliza nalima nini, nikamwambia nina kihamba, migomba na kahawa, namwagilia kwa mfereji. Akasema, "Basi mzee, lango la mfereji limezibwa na gogo la mgomba. Maji yanakwenda wapi?" Nikasema yanarudi nyuma, yanafurika shamba la juu. Akasema, "Shamba la juu ni mapafu." Kile kikohozi kilikuwa shamba lililogeuka tope. Ile mito ilikuwa mtu anayetafuta kichwa kikae juu ya maji. Na shamba la juu likijaa sana, maji yanazidi kurudi, mpaka upande wa pili wa moyo unachoka, mpaka shingoni, mpaka miguuni. Ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Nikamwuliza, nakuapia nilimwuliza, "Daktari, aligombana na mtoto juzi. Ni hiyo?"

Akavua miwani. "Mzee, huu mlango umekuwa ukiharibika miaka thelathini. Hausubiri ugomvi wa mtoto."

"Na ningemleta Novemba?"

Aliifuta ile miwani kwanza kwa pindo la koti. Nilimpenda kwa hilo. Akasema, "Tungempa dawa za kupunguza maji. Tungempeleka kwa wenzetu wautanue mlango, au wabadilishe. Si wote. Lakini wapo wanaoishi."

Lile boksi la glovu nililikunja nikaja nalo nyumbani ndani ya koti. Nilikuwa nalo mfukoni siku ya mazishi. Chini ya turubai shangazi yako akasema, kwa sauti yake ile ambayo hata akinong'ona kuku wanatawanyika: "Huzuni aliyotiwa na huyu mtoto ndiyo iliyomuua mama yake. Angalieni, hata kulia halii." Wewe ulikuwa umebeba sinia la chai. Ulilishusha kwenye benchi pole pole, hakuna kikombe kilichogongana, ukaenda nyuma ya jiko. Watu wote walikusindikiza kwa macho.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale. Nilishika boksi mfukoni. Nilitakiwa nisimame tu, niseme maneno matano. Nikafikiri, na hili sijamwambia hata Mungu, ingawa sidhani kama alikuwa amelala: afadhali. Wakimtazama mtoto, hawatanitazama mimi. Mtoto watamsamehe, ni mtoto. Lakini mchinja nyama anayejua ng'ombe mgonjwa kwa shingo, mkewe akamkalia mbele na shingo ile ile, akamfanyia utani, huyo nani atamsamehe? Nilikutundika kwenye ndoano, mwanangu, nikajificha nyuma yako.

Nilidhani litapita. Watoto husahau, nilijiambia. Ukaacha kwaya. Ukajifunza kupika loshoro ya mahindi na maziwa mgando kama ya mama yako, chungu kile kile, na ukawa unanitazama nikila kana kwamba unangoja hukumu. Yule wa pikipiki ukamfukuza, na waliomfuata hukuwaangalia. Ukachagua Baiolojia, watu wakanipongeza, binti yako ana akili. Mimi nilijua hukuwa unatafuta cheti. Ulikuwa unatafuta kesi yako kwenye vitabu. Na kila ulipofungua ukurasa wenye picha ya moyo, nilitoka nje kumpa mbwa mifupa. Yule mbwa amenenepa kwa dhambi zangu.

Ukaniambia Jumanne kitu kingine ambacho hujui kilinifanya nini. Ulisema moyo haungoji amri ya kichwa, una cheche yake ndani, na ukitolewa mwilini huendelea kupiga kidogo peke yake. Hilo nalijua tangu zamani. Wiki ya kwanza mama yako alipokuja kwangu kama bi harusi nilichinja mbuzi, nikauweka moyo kwenye beseni, ukawa unaruka. Mimi nilimwita aone, nilitaka apige kelele akimbie nimcheke. Hakukimbia. Alichukua kitambaa cha vyombo akaufunika, akasema, "Muache atulie. Anasikia baridi." Nikamcheka kwa miezi. Huyo ndiye niliyemwambia sikununui.

Kuna ujumbe wako. Huu ndio unaoniuma kuliko boksi.

Jioni ile ya hospitali, dawa zilikuwa zimempa nafuu kidogo, alikuwa ameketi anapumua kwa vipande. Akawa anamsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili habari ya viatu. Na alikuwa anacheka, Elinipa. Anakata maneno kwa kukosa pumzi lakini anacheka. "Kaniambia kwaya... Tengeru... na visigino vyote Kisongo! Huyu kasomea uongo kwa nani, kwa baba yake?" Halafu akanigeukia akasema, "Mwambie viatu avichukue, ni vyake. Mimi vimenikataa. Na mwambie siku nyingine akidanganya, afute matope kwanza. Mimi nilikuwa nafuta." Nikamwuliza ulikuwa unakwenda wapi wewe? Akafumba macho, akatabasamu, akasema, "Wewe fikiri tu."

Huyo si mtu aliyeuawa na huzuni uliyomtia wewe. Nimefikiri miaka minane na bado sijui alikuwa anakwenda wapi.

Sikukupa ujumbe kwa sababu ukijua alicheka, utauliza basi nini kilimuua, na jibu lake lilikuwa mfukoni mwangu. Viatu nilivifunga kwenye gazeti nikavitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na matope yake. Leo mchana, ulipokwenda kununua kufuli, nimevitoa. Nilitaka kuvisafisha nikashindwa. Matope yamekauka yamekuwa unga, lakini ni ya Kisongo, yeyote wa hapa atayajua. Nimevitia chini kabisa ya begi lako. Barua hii pamoja na lile boksi vitaingia kwenye kiatu cha kushoto. Maana yake utaviona ukishafika, sio kabla. Huo ni woga, siuiti jina lingine. Ningekuambia uso kwa uso, wewe ungekuwa unanawa mikono na mimi ningekuwa nanoa kisu.

Jumapili nitateremka Kimandolu kwa shangazi yako nimwambie mbele ya watoto wake. Atanitukana. Ana kipaji, na safari hii sitamkatiza. Mama Upendo nitamwambia buchani, na akishajua yeye, kijiji kimejua.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nitakupigia simu. Usipopokea nitaelewa, na nitapiga tena.

Ukisimama mbele ya watoto wa Mtwara na moyo mkononi, wafundishe vyumba na milango kama ulivyotufundisha sisi. Na yuko mmoja nyuma ya darasa atakayeumwa koo, halafu aseme magoti yanauma, na wenzake wamcheke. Wewe usicheke. Sikupi maagizo, nilishasema. Hilo nakuomba.

Nakusikia getini. Umemsimamisha mbwa unamwambia kitu, unacheka. Unacheka kama yeye, vile vile, kunapanda halafu kunavunjika. Kila mara nikikusikia nashika pumzi nikingoja kikohozi mwishoni.

Hakuna. Umefika mlangoni, unasema shikamoo baba, na hakuna.

Marahaba, mwanangu.

Baba yako, wa bucha